Konokono Atumwa Rangi ya Okidi

Paukwa!

Pakawa!

Sauti ndogo hiyo, na ugali mmeumaliza wote. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani zile maua yote ya msituni yalipokuwa meupe kama uji usiotiwa kitu, alikuwako Konokono. Konokono huyu alikaa juu ya mvule, katikati ya mizizi ya Okidi. Okidi huyu, kama hamumjui, ni ua lisilokanyaga udongo. Anakaa mtini, mizizi imeshika gome, anakunywa umande. Jua likichoma, Konokono alijificha kwenye mizizi ile. Kwingine kote walikuwa wamemfukuza kwa sababu ya ute wake. Okidi alimwambia ute ni ute tu, akae.

Basi mwaka mmoja Bi Kinyonga, fundi wa rangi, akatangaza kwamba amechemsha rangi. Kila ua litume mjumbe. Mjumbe mmoja, rangi moja, safari moja. Siku ya tano asubuhi Nyuki wataanza mizunguko yao, na Nyuki hawasimami kwa ua wasiloliona.

Maua yakatuma. Okidi wa nyasini alimtuma Kipepeo, akaletewa zambarau. Okidi wa mtoni alimtuma Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, akaletewa nyekundu. Okidi wa bondeni alimtuma Nondo. Nondo akalala mchana kutwa, na mpaka leo okidi yule ni mweupe. Hayo ni yao.

Okidi wa mvule hakuwa na wa kumtuma. Alikuwa amechanua misimu miwili, na misimu yote miwili Nyuki walimpita. Hakupata hata mbegu moja. Nguvu zake zilikuwa zimebaki za msimu mmoja tu, na asipopata mbegu safari hii, ukoo wake umekwisha. Konokono alilijua hilo, na lilimuuma sana.

"Dada," akasema, "nitume mimi."

Kima waliokuwa tawi la juu walicheka mpaka mmoja wao akakosa tawi. Okidi hakucheka. Akamuuliza kama atawahi. Konokono akasema hajui, ila atakwenda. Basi Okidi akamwagiza rangi ya njano. Njano tupu, isiyo na doa, ili Nyuki waione toka mbali.

Suu, suu, suu. Siku ya kwanza Konokono anateremka mvule. Suu, suu, suu. Siku ya pili anavuka majani makavu. Msicheke, nyie. Mguu ni mmoja na nyumba iko mgongoni. Mngekuwa nyinyi mngeshakaa chini mkaomba maji.

Jioni akafika kwa Bi Kinyonga. Jicho moja la Bi Kinyonga lilitazama chungu, jicho la pili likamtazama mgeni. Rangi zilikuwa zimekwisha karibu zote. Akakwangua chungu cha njano, kwangu, kwangu, mpaka akapata ya kutosha ua moja. Akaifunga katika jani, akalibandika juu ya kombe la Konokono.

"Ibebe huko huko juu, mwanangu," akamwambia. "Usiiingize ndani ya nyumba yako. Humo hamna nafasi ya wawili."

Konokono akaitikia, akashukuru, akashika njia. Suu, suu, suu. Siku ya tatu anayavuka tena majani makavu. Mara akasikia chaku, chaku, chaku. Kwale anapekua majani. Na Kwale, jamani, hula konokono.

Konokono akiogopa hafikiri. Anaingia ndani, basi. Akaingiza pembe, akaingiza kichwa, akawa anafunga. Lakini hapo akaikumbuka rangi ya dada yake, iko nje peke yake na Kwale anakuja. Akatoka tena nusu mwili, akalivuta lile jani, akaingia nalo ndani.

Pwata! Jani likapasuka.

Kwale akadonoa kombe, ko, ko, ko. Akaligeuza, akadonoa tena, akachoka, akaenda zake. Konokono akatoka. Alikuwa njano kuanzia pembe mpaka mkia. Akalia. Kwa Bi Kinyonga harudi, safari ni moja. Akawaza ajifiche chini ya majani asionekane tena, Okidi adhani ameliwa. Huenda ingekuwa nafuu kuliko kumtazama usoni. Lakini Okidi alikuwa anangoja. Konokono akafuta machozi, akaenda.

Suu, suu, suu. Siku ya nne anapanda mvule. Rangi ilikuwa mbichi bado, inanata. Vumbi likamganda, chembe za udongo zikamganda, vipande vya gome vikamganda. Hakupumzika. Alfajiri ya siku ya tano akafika, amechoka hoi, akamweleza Okidi yote na hakuficha hata neno.

Okidi akamtazama kuanzia pembe mpaka mkia. Kisha akamwambia apande.

Konokono akapanda juu ya maua yake. Akajiburura petali moja baada ya nyingine, suu, suu, suu, na njano ikatoka mwilini mwake ikashika pale. Lakini na uchafu nao ukashika. Kila petali madoa, madoa, madoa ya kahawia.

"Dada, siyo ile uliyoitaka," akasema.

"Siyo," akasema Okidi. "Lakini ulikwisha kuingia ndani, ukatoka tena kwa ajili yangu na Kwale yuko mlangoni. Basi hii ndiyo rangi yangu. Hata Nyuki wakinipita, nitachanua nayo."

Jua likatoka. Vuuu, Nyuki hao. Wakapita juu ya msitu, maua ya njano yamejaa kila mahali, hawajui waanzie wapi. Mmoja akautazama mvule. Akaona njano, na juu ya njano akaona vidoa vya kahawia vimekaa kimya.

"Wenzetu wameshafika pale," akasema. "Pale panalika."

Wakaja wawili, wakaja kumi, wakaja wote. Msimu ule Okidi alipata mbegu nyingi, nyepesi kama vumbi, upepo ukazipeleka mti huu na mti ule. Tembeeni msituni mtamwona mpaka leo, njano yenye madoa. Na mkiinua mizizi yake polepole, yumo mtu amelala.

Sasa sikieni, watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya mnachambua mboga. Mtu akikuletea kitu kilichoharibika njiani, mpokee kwanza yeye, ndipo ukitazame kitu chenyewe.

Nami hadithi yangu imeishia huko juu ya mvule. Anayeshuka ashuke taratibu.