Kufuli la Kisima

Bwana Mwachiti, tajiri wa ng'ombe, alizungushia kisima cha kijiji uzio, akapiga kufuli jipya getini.

"Atakayelifungua bila kulivunja, maji ni ya wote!" alitamba.

"Mbele ya watu?" aliuliza Bi Mwatime, dobi.

"Mbele ya watu!"

Kesho yake Mwachiti alifungua, akaliacha kufuli likining'inia wazi getini, akaenda kunywesha ng'ombe. Mwatime akasogea getini na ndoo yake. Mwachiti alipomaliza, alilibana kufuli wanakijiji wakitazama, ta!

Mwatime akatoa ufunguo, akalifungua.

"Umechonga ufunguo wangu, mwanamke wewe!"

"Basi jaribu wako, baba."

Mwachiti aliusokota mpaka jasho likamtoka. Ufunguo haukuzunguka.

Mwatime akatoa ndooni kufuli la pili, pacha wa lile.

"Lako hili hapa. Hilo ulilofunga mbele ya watu ni langu."