Mama Namba Arobaini na Moja

Nisikilizeni, na wewe uliyekaa karibu na mlango uache simu.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa tangawizi mlimani. Wakaja madaktari sita kupima damu za wanawake wa kule, wengine wa hapa nchini, wengine wa Ulaya. Walikuwa wakichunguza ugonjwa wa ini. Kila mwanamke akapewa namba, na yeye akapata arobaini na moja.

"Majibu lini, daktari?"

"Usijali, mama. Tukiona kitu tutakuita."

Akarudi nyumbani, akalipiga pasi gauni lake la kitenge, akalitundika nyuma ya mlango. Wakimwita wasije wakamkuta na nguo ya shamba.

Wale sita wakaandika. Madaktari wakigundua jambo huliandika kwenye majarida yao, na wenzao wakilitumia huwataja kwenye maandishi yao. Ukitajwa sana, umekuwa mkubwa. Nao walitajwa! Mara mia nne kwa miaka mitatu. Na walichoandika ni kweli tupu: ugonjwa ule ukijulikana mapema, vipo vidonge vya kuuzuia. Mgonjwa waliyemtolea mfano, damu yake ikachorewa mpaka picha, alikuwa namba arobaini na moja.

Wakafanya sherehe. Keki, soda, hotuba. Nesi aliyekuwa akigawa sahani akauliza, "Huyu arobaini na moja anaendeleaje na vidonge?"

Mmoja wao akaweka keki chini, akamgeukia mwenzake.

"Si wewe ulimwambia?"

"Mimi wa maabara, naona chupa, sioni watu. Nilijua daktari wa wilaya amemwambia."

"Mimi tena? Nilijua kiongozi wetu."

Kiongozi, mgeni wa watu, akasema, "Kiswahili changu mimi ni cha kuombea maji."

Kesho yake wakapanda gari. Wakamkuta mama mkwe wake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi. Tunamtafuta mkweo."

"Mmechelewa miezi saba." Akawaonyesha kaburi kwa kidole. "Tumbo lilimvimba. Nikamwambia, nenda hospitali. Akanijibu, 'Mama, wale ni madaktari sita. Wangeona kitu wangenyamaza?' Gauni lake tumemzika nalo."

Mnaguna? Mnawasonya? Ngojeni kwanza. Mvivu pale alikuwa nani? Kila mmoja alifanya kazi yake, tena vizuri. Damu ilipimwa sawasawa, maandishi yalikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kupanda mlima na kusema maneno mawili: mama, unaumwa.

Sasa tuje kwetu. Benchi la tatu, upande wa dirisha, Bi Naetwe hajalikalia tangu Jumatano ya Majivu. Kila Jumapili jina lake linasomwa hapa mbele kati ya wagonjwa, na sisi wote tunaitikia amina, sauti juu. Tumemtaja mara ngapi? Na nani ameingia nyumbani kwake? Wewe? Usimtazame Mama Mchungaji, nimekuuliza wewe. Ulijua wa kwaya wamekwenda? Wa kwaya nao walijua ni nyie.

Naye amelala kule anajiambia, kanisa zima linajua, ningekuwa mahututi wangeniacha?

Basi leo sifungi kwa sala. Chukueni kanga zenu. Amina tutakwenda kuisemea mlangoni kwake, kama bado yupo wa kutufungulia.