Siku za Nyuki za Mashavu

Hadithi, hadithi! Mniitikie: Iingie, mlango wazi! Wewe wa nyuma umenong'ona. Haya, tuendelee.

Hapo zamani za kale, nguchiro waliishi ndani ya kichuguu. Kila asubuhi mmoja alipanda juu kumwangalia Mwewe asije akawanyakua. Alilia, "Niko, niko," na wenzake wakala kwa raha. Akinyamaza, wote mbio shimoni. Ndiyo desturi yao.

Zamu ikamfikia Mashavu, binti mdogo. Siku ya kwanza hakulala, hakula, wala hakuchoka. Alilinda zamu yake, na ya dada yake, na ya Mjomba Kitumbo. Wakamsifu sana.

Siku ya pili akamwona Mwewe. Badala ya kukimbia, akashuka kwenda kumfukuza. Nguchiro kumfukuza Mwewe! Mwewe mwenyewe alishangaa, akaenda zake.

Siku ya tatu akanyamaza. Nguchiro wakajazana shimoni. Wakangoja mpaka jioni, njaa inawauma. Mwewe hakuwapo. Mashavu alikuwa amelala juu ya kichuguu, machozi yanamtoka.

Kikao kikaitwa. Mmoja akasema ni mvivu. Wa pili akasema ana kiburi. Mjomba Kitumbo, ambaye alikuwa amekwama mlangoni mara mbili kwa ajili ya tumbo lake, akataka afukuzwe kabisa.

Bibi yake akauliza kama kuna aliyemuuliza mtoto. Hakukuwa na hata mmoja, basi akamgeukia Mashavu:

"Mjukuu wangu, ukoje humo ndani?"

"Bibi, siku nyingine nyuki wa msitu mzima wamo kifuani mwangu, nawaona ninyi nyote mnatambaa kama konokono. Siku nyingine kichuguu kimenilalia, hata kusema 'niko' siwezi. Sichagui mimi. Naogopa mtanichoka."

Bibi akalia, maana alimpenda. Akampeleka kwa Kobe mganga. Kobe akampa mizizi michungu, aitafune kila asubuhi, hata siku za nyuki. Mashavu, kama ninyi na dawa zenu, akaitema akisema amepona. Akapona mara tatu, na mara tatu akarudi kulala. Mara ya nne akatafuna, uso umekunjamana.

Wakakubaliana pia: kila asubuhi Mashavu aseme siku yake. Ikiwa ya nyuki, alinde na mwenzake wa kumshika mkia. Ikiwa ya kichuguu, Mjomba ashike zamu. Mjomba alipandishwa kwa kusukumwa, akinung'unika njia nzima.

Lakini alipofika juu alilia, "Niko." Kisha akanyamaza kidogo, na safari hii hakuna aliyekimbia. Wote walitega masikio kuelekea shimoni, mpaka sauti ndogo ikajibu kutoka chini kabisa:

"Niko."

Ndipo wakaenda kula.

Basi, wanangu, mtoto akiwa juu leo na chini kesho, msimpe jina baya. Muulizeni alivyo, mmtibu, na zamu yake mmtunzie.

Hadithi yangu imeingia shimoni. Anayeitaka tena aichimbe mwenyewe.