Mkanda wa Ng'ambo ya Barabara

Wapendwa, leo nawapeleka mahali ambapo wengine wenu mtajifanya hampajui. Banda la video. Wazee wa kanisa, msininunie. Tutaingia, tutatoka, na hakuna atakayeambukizwa.

Katika mji mmoja mdogo wa njia panda, mji ambao madereva wa malori hulala kisha wakaenda zao, aliishi bwana mmoja aliyekuwa na banda lake la video. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga kubwa juu ya meza, na pembeni ya runinga yeye mwenyewe, kashika maiki. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Mkanda unazungumza Kizungu, yeye anawaambia watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Na pale asipoelewa? Anatunga! Ndivyo kazi hiyo ilivyo, na watazamaji hawamlaumu mtu, mradi mkanda unoge. Hata jina la mkanda hulitunga mwenye banda, akaliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, maana yale majina ya Kizungu hayamvuti mtu wa sokoni.

Bwana huyu alipenda mikanda ya aina moja tu: majeshi kupigana na wavamizi waliotoka sayari nyingine. Mnaijua. Lidude linatokea angani, linafunika mji mzima, watu wanakimbia na watoto mgongoni, halafu jeshi linaitwa. Hapo ndipo alipokuwa hana mpinzani. "Piga huyo! Choma! Usimwachie nafasi!" Alikuwa akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na juu ya mlango palikuwa na spika kubwa aliyoiunda kwa mikono yake kwa mbao za mninga. Spika ile ilikuwa ikipeleka vita mpaka gengeni. Mtu alikuja kununua nyanya, akasikia vita, akaziacha nyanya. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, mkewe na watoto wao.

Sasa siku moja jamaa mmoja, mdogo kwake kiumri, akafungua banda upande wa pili wa barabara. Banda la kubabaisha. Mabenchi ya kuhesabu, spika yenye kikohozi. Bwana wetu alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. Kicheko hicho, ndugu zangu, hakikumaliza mwezi.

Alianza kusikia watu wakilinganisha. Mkewe alikuwa akikaanga mihogo mlangoni, na madereva walikuwa wakila huku wakibishana. Dereva mmoja mnene, mtu wa safari za mpakani, akasema, "Mimi mikanda ya jeshi na wavamizi nimeiona yote. Ya huku ni mabomu tu. Mabomu mwanzo, mabomu mwisho. Lakini ule wa ng'ambo, *Machozi ya Kamanda*, ule ni mkanda! Kamanda anapigana na hao wavamizi, lakini kila askari anayekufa, yeye kamanda anamjua mama yake. Mimi nililia, bwana. Mimi!"

Mwenzake akadakia, "Na wavamizi wenyewe wa kule wana akili. Wa hapa wanakufa ovyo ovyo kama kumbikumbi."

Bwana wetu alikuwa nyuma ya bati, anasikia kila neno. Moyo wake uliingiwa na kijiba. Nisiwafiche: alimchukia yule jamaa kuanzia nywele hadi kandambili. Alichukia anavyosalimia watu, alichukia hata usafi wa ubao wake. Na zaidi ya vyote alikitamani kile kitu: ule mkanda. Akasadiki kwamba riziki yake yote imefungwa ndani ya diski moja iliyoko ng'ambo ya barabara.

Je, alikwenda kuutazama? Thubutu! Aonekane ameketi kwenye benchi la mshindani wake? Alichofanya ni kuzunguka uchochoroni jua likiwa bado juu, akajibanza nyuma ya banda la mwenzake, sikio kwenye bati. Banda lake mwenyewe aliliacha mkanda unakwenda bila mtafsiri, watu wanatazama midomo inayocheza.

Akasikia sauti ya yule jamaa, ya taratibu, karibu ya kunong'ona: "Kamanda anamwambia askari wake, mwanangu, mlango wa kwenu niliubisha mwenyewe nilipokuja kukuchukua. Nitaubisha vipi tena nikiwa peke yangu?" Ndani kimya. Halafu mtu akapenga kamasi. Halafu mwingine.

Bwana wetu akabandua sikio kwenye bati. Kwake yeye watu walipiga miluzi. Hakuna aliyewahi kulia. Alirudi bandani kwake mdomo mchungu.

"Nautaka ule mkanda," akamwambia mkewe.

"Baba Tusajigwe, kwani umeshautazama?"

"Nimeusikia."

"Sikukuuliza kusikia. Nimeuliza umeutazama?"

"Na wewe umeshahamia kule, siyo? Mihogo yako wapelekee basi!"

Mkewe alinyamaza, akageuza mihogo yake. Kina mama mliopo hapa mnakijua kimya cha namna ile, na kina baba tunakijua zaidi.

Kesho yake asubuhi bwana akavuka barabara. Yule jamaa alikuwa akifagia mlangoni. Alipomwona aliweka ufagio chini kwa heshima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nataka *Machozi ya Kamanda*."

"Karibu sana, kaka. Ingia basi, ukae benchi la mbele, nikuwekee uutazame kwanza. Wewe hulipi kitu hapa."

"Sikuja kutazama. Nataka uwe wangu."

"Basi uchukue, uonyeshe wiki nzima, kisha utanirudishia. Sisi ni majirani."

Mnaona mlango huo? Umefunguliwa wazi, hauna hata kizingiti. Lakini mwenye wivu hataki kupewa, wapendwa. Akipewa atalazimika kushukuru, na shukrani kwa mtu unayemwonea kijicho ni chungu kuliko shubiri.

"Siazimi mimi," akasema. "Nataka uwe wangu, na wewe usiuonyeshe tena hapa. Nakupa spika yangu."

Jamaa alitazama ng'ambo, akaitazama ile spika ya mninga juu ya mlango. "Kaka, ile? Ile ndiyo sauti yako. Mji mzima unakujua kwa ile."

"Unataka, hutaki?"

Mtoto wa watu angefanyaje? Akaingia ndani, akaleta diski ndani ya karatasi. Kabla ya adhuhuri spika ilikuwa imeshashushwa, imevushwa barabara kwa mkokoteni, imening'inizwa upande wa pili. Bwana wetu hakuitazama hata mara moja. Alikuwa anaandika ubao: *MACHOZI YA KAMANDA, SASA NI HAPA TU!*

Siku hiyo watu walijaa. Yule dereva mnene alikuja na wenzake. Bwana akaweka diski kwenye deki, akashika maiki, akajiweka sawa, macho kwenye runinga. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha, na furaha yenyewe, niseme kweli, haikuwa ya kuupata mkanda. Ilikuwa ya kumkosesha mwenzake.

Picha ikatokea. Daraja juu ya mto. Askari kwenye matope. Lidude la wavamizi linashuka taratibu juu ya maji. Kisha kamanda, mtu mzima mwenye kovu shavuni.

Bwana akaduwaa.

Daraja lile alilijua. Kovu lile alilijua. Mkanda huu alikuwa nao kabatini tangu mwaka juzi! Aliuonyesha Jumamosi iliyopita, hapa hapa, kwa jina la *Wavamizi wa Sayari ya Saba*. Wote wawili walinunua diski kwa mchuuzi mmoja, yule anayepita na begi mgongoni, na kila mmoja akaubatiza jina lake. Mkanda ni ule ule. Jeshi ni lile lile, wavamizi ni wale wale, hata ile nyumba inayoungua nyuma ya daraja ni moja.

"Mzee," kijana mmoja wa gengeni akasema, "huu si tuliuona hapa wiki iliyopita?"

"Subiri," bwana akajibu. Bila spika, sauti yake haikufika hata benchi la nyuma.

Ikafika pale ambapo kamanda anapiga magoti kwenye matope, kamshika askari aliyekufa. Miaka yote miwili bwana wetu, akifika hapo, alikuwa akipaza sauti, "Amka wewe mvivu, vita haijaisha!" na watu wanacheka. Ndipo palipokuwa pakiwaliza watu ng'ambo. Hapo hapo!

Na wakati akiwa amesimama maiki mkononi, akasikia spika yake mwenyewe inaunguruma kutoka upande wa pili. Jamaa ameweka mkanda mwingine wa jeshi na wavamizi, mkuukuu, uliochakaa mpaka picha zinaruka, ambao hakuna mtu aliyewahi kuutaka. Anausimulia kwa sauti ile ile ya taratibu. Dereva mnene akainuka. Wenzake wakainuka. Mmoja alimpa pole, wengine hawakuaga. Benchi likabaki na maganda ya karanga.

Mkewe alikuwa mlangoni, akaona yote. Hakumsema. Alifuta mikono yake kwenye khanga, akaingia, akakaa mbele peke yake.

"Haya, baba Tusajigwe," akasema. "Mimi nimebaki. Niambie huyo kamanda anasema nini."

Bwana akainua maiki. Akafungua mdomo. Akatazama ile midomo ya kamanda ikicheza, ikicheza, na akagundua kwamba hajui. Mkanda alikuwa nao miaka miwili, na tangu aununue hajawahi kumsikiliza yule mtu hata siku moja. Amekuwa akimpigia kelele tu.

Sasa, wapendwa, mmecheka. Mimi nauliza: mnamcheka nani?

Wewe dada, unaisikia nyumba ya jirani inacheka saa za chakula, unasema, angalia wenzangu walivyopata mume. Umeingia lini? Unasikiliza kupitia bati! Wewe kaka, unamwona mtoto wa mwenzako amefaulu, unarudi nyumbani unamfokea wa kwako, na hujawahi kumuuliza anapenda nini. Na sisi wanakwaya, tusijifiche. Tulisikia kwaya ya mtaa wa pili imesifiwa, wiki nzima hatukufanya mazoezi, tulikuwa tunawajadili. Nani alituimbia nyimbo zetu wiki hiyo?

Wivu hauna macho, una masikio tu. Ungekuwa na macho, ungeona kwamba alichonacho jirani mara nyingi ndicho ulichonacho wewe. Tofauti ni kwamba yeye ameketi nacho, amekitazama, amekipa moyo wake. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Sisi tunataka kuiba vinavyoelea na hatutaki kuunda. Na mbaya zaidi, ili tukipate cha mwenzetu, tunatoa kile kimoja ambacho Mungu alitupa cha kututambulisha. Tunatoa sauti. Tunatoa amani ya nyumba. Tunatoa jina letu jema, tunalipakia mkokoteni mchana kweupe, halafu tunarudi na kitu kilichokuwa kabatini.

Ni nani huyo nyumbani kwako anayezungumza kila siku, na wewe unapayuka juu ya maneno yake? Mke? Mzazi wako mgonjwa? Mtoto asiye na maneno mengi? Leo ukifika, usimlinganishe na mtu. Kaa. Mtazame. Muulize anasema nini, na unyamaze mpaka amalize.

Neno hili nimelisema, na lililobaki Mungu atalisema na kila mmoja mahali alipo. Haya, tusimame tuombe. Na ukishasimama, tafadhali, usigeuke kuangalia aliye pembeni yako amevaa nini.