Kwa Nini Joto la Namkunda Halionekani kwa Macho

Kaeni vizuri, na wewe uliyeshika simu iweke chini. Mnaniuliza kwa nini pale angani, ambapo wataalamu wanasema pamejaa gesi ya moto, sisi tukitazama tunaona giza tupu. Nitawaambia, ila asiniulize mtu nani alikuwepo.

Hapo zamani nyota walizaa na kulea kama sisi. Namkunda alikuwa mkubwa kuliko wote, na bintiye wa pekee, Naetwe, alikuwa ameolewa mbali. Namkunda alipojua kwamba anakufa, aliagiza bintiye aitwe. Naetwe akafunga safari, lakini mbingu ni pana, na alichelewa.

Namkunda alikufa kwa kupasuka. Mwanga wake ulionekana mchana kweupe, ng'ombe wakakataa kurudi zizini, watu wakaogopa. Kabla ya hapo alikuwa amemwita jirani yake Mwezi, akamwachia maneno.

"Mwanga wangu ni wa kila mtu, nao utakwisha," alisema. "Joto ni la mwanangu. Nimelificha watu wasije wakaligawana. Mwambie akifika asinitafute kwa macho. Aketi tu."

Mwezi akakubali. Lakini si mnamjua Mwezi, leo yupo, kesho humwoni. Naetwe alifika siku ambazo Mwezi hayupo. Akakuta giza, hakuna hata jivu. Alisikia joto mwili mzima, akadhani ni homa ya safari. Akaita, akalia, kisha akaondoka mbio kwenda kumtafuta mama yake mbele zaidi. Masikini, alikuwa amesimama kifuani pake! Mwezi aliporudi, binti alikuwa ameshakwenda zake.

Na tangu siku hiyo joto lile linatanuka, linamfuata. Macho yetu hayalioni, lakini siku hizi watu wamerusha juu vyombo vya eksirei, ndugu wa ile mashine ya hospitali inayopiga picha za mifupa, navyo vimeliona: duara kubwa linalowaka, limechanika pembeni kwa uzee. Nilionyeshwa picha yake nikalia, wala sioni haya kusema. Maana wanasema pia kwamba kadiri linavyotanuka ndivyo linavyopoa.

Sisi tumeshamwona mama. Naetwe yuko huko mbele, anamuulizia kwa kila anayekutana naye, na bado hajageuka nyuma.