Mji Usio na Hodi

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alitawala Sultani Sudi bin Haidari, mtu mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Siku moja akaletewa habari kwamba yatima mmoja alikuwa akipigwa na mjomba wake mwaka mzima, mlango umefungwa, wala hakuna aliyejitokeza kusema. Sultani akalia machozi ya kweli. Kisha akajifuta uso, akaamuru ipigwe mbiu: milango yote ya mji ing'olewe, mapazia yaondolewe, na askari waingie nyumba yoyote saa yoyote bila kupiga hodi, wapate kuwalinda watoto.

Basi milango ikang'olewa. Askari wakaingia majikoni wakafunua vyungu, maana mtoto aweza kufichwa hata chunguni, na ili wawe na hakika, wakaonja.

Mjini humo alikaa fukara mmoja, Kibwana Mapepe, aliyesuka makuti siku alizokumbuka. Binti yake Mwanakheri alikuwa amewekwa ndani akingoja harusi, na somo wake, mama aliyemfunda, akimsinga mwili kwa liwa ya msandali, ndipo askari wanne walipoingia, wakasimama, wakaanza kuhesabu watu. Mwari akapiga yowe, akajiviringisha jamvi. Jioni likaja neno kutoka kwa mama wa bwana harusi: siku saba zimebaki, na mwari asiporudishwa nyuma ya mlango, harusi hakuna. Mwanakheri akalia mpaka liwa yote ikamtoka usoni, na Kibwana, aliyezoea kucheka kila jambo, siku hiyo hakucheka.

Kulipokucha akauokota mlango wake uani, akajitwika, akaenda nao hadi kasrini. Kasri nalo lilikuwa wazi, kwa kuwa Sultani hakujibagua na sheria yake. Kibwana akausimamisha mlango pale kizingitini, akaugonga.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," akajibu Sultani kwa mazoea, miguu yake imo katika beseni la maji ya moto. Kisha akakumbuka, akaghadhibika. "Ewe Kibwana! Hukuisikia mbiu yangu?"

"Nimeisikia, Maulana. Imesema askari wasipige hodi. Mimi si askari."

"Atakaye mlango ana mtoto anayemficha!"

"Ninaye mmoja, Maulana. Ana miaka ishirini, nami namficha asionwe na askari wako."

Waziri akakohoa kohozi lisilokuwapo. Lakini Sultani hakucheka. "Yule yatima alipigwa nyuma ya mlango. Nikirudisha milango, kilio cha mwingine atakisikia nani?"

Neno hilo likamchoma Kibwana, maana aliishi nyumba ya pili kutoka kwa yule yatima, na usiku mmoja alisikia kitu, akajigeuza upande wa pili akalala. Aliona haya.

"Haya," akasema Sultani. "Niletee askari atakayeingia kila nyumba, amjue kila mtoto mwili mzima, wala asione hata ukucha wa mtu mwingine. Una siku tatu, na mlango wako utabaki hapa. Ukishindwa utakwenda gerezani, maana huko ndiko pekee kulikobaki milango."

Ikawa kesho yake Kibwana amerudi, amemshika mkono Bi Zamzamu, mkunga aliyezalisha nusu ya mji na kuwakanda watoto wote wa mji, kipofu wa macho yote mawili.

"Askari wako huyu, Maulana. Mgongo wa aliyeanguka na mgongo wa aliyepigwa, yeye huitofautisha kwa kidole kimoja."

"Lakini haoni!" akasema Sultani, miguu yake tena imo beseni.

"Ndiyo sifa uliyoitaka, Maulana."

Sultani akaamuru aletwe mwanawe wa miaka sita, akaja na askari kumi na wanne waliomlinda usiku na mchana. Bi Zamzamu akampapasa.

"Mgongo salama. Ila tumbo hili gumu kama nazi! Mjukuu wangu, tangu lini hujaenda chooni?"

Mtoto akawatazama askari. "Tangu milango ilipong'olewa, bibi. Wote hawa hunitazama. Na yule mnene huniambia, 'Kaza, kaza.'"

Yule mnene akatazama dari. Sultani akainuka miguu ikichuruzika maji, akambeba mwanawe hadi chooni, akawafukuza askari, akauegesha mlango wa Kibwana kwa mikono yake mwenyewe.

"Haya, mwanangu. Sasa hakuna akutazamaye."

"Upo wewe, baba."

Sultani akatoka. Akauzuia mlango kwa mgongo usije ukaanguka, akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Na pale pale akatoa amri mpya: milango irudishwe leo hii, Bi Zamzamu azuru kila nyumba yenye watoto na apige hodi, na nyumba itakayomkataa mara tatu, hiyo tu ndiyo iingiwe na askari, tena kwa idhini ya kadhi.

"Mungu akuzidishie, Maulana," akasema Kibwana. "Basi nipe mlango wangu, mwari anangoja."

"Subiri wewe," akasema Sultani kwa sauti ya chini. "Mwanangu hajamaliza."

Kibwana akasubiri mpaka adhuhuri. Siku ya saba Mwanakheri akaolewa, wala tangu mlango uliporudi hakuna aliyemwona ila waliopaswa kumwona.