Fisi Aliyetaka Kaa Moja

Wasikilizaji, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Yote mawili!

Nikidanganya kidogo je?

Tia chumvi!

Basi, hapo kale kiangazi kilikuwa kikali. Mito ilikauka, visima vikakauka, kikabaki kidimbwi kimoja tu. Kando yake, ndani ya tundu la matope, aliishi Kaa, mdogo, mwenye magando mawili na macho juu ya vijiti.

Siku moja akaja Fisi. Chopi, chopi, chopi! Akajilaza kidimbwini, tumbo majini, akatangaza, "Maji haya yangu. Anayetaka kunywa alete chakula."

Swala akaja, akafukuzwa. Mzee Kobe akaja, akafukuzwa, ila kwa mwendo wake ule, alikuwa bado anaondoka. Mama Kanga akaja na vifaranga wake sita.

"Nipe kifaranga kimoja, unywe," Fisi akamwambia.

Mama Kanga akawakumbatia wanawe kwa mbawa, machozi yanamlengalenga. Kaa alipoona vifaranga wanavyoyumba kwa kiu, moyo ukamuuma. Akatoka tunduni.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Kaa."

Fisi akadhani anakaribishwa. Akainuka, akakaa. "Haya, nimekaa. Jina lako?"

"Kaa."

"Si nimeshakaa!"

"Kaa, bwana mkubwa."

"Nikae mara ngapi? Kwani nina makalio mangapi?"

Mama Kanga akasahau kiu, akaangua kicheko. "Ndilo jina lake, bwana Fisi! Kaa, yule anayeliwa..." Akaziba mdomo, lakini neno limeshatoka.

"Kumbe unaliwa?" Udenda ukamtoka Fisi, churuu! "Basi leo nakula kaa!"

Magando ya Kaa yakagongana, ka-ka-ka. Lakini akajikaza. "Mimi nina matope tumboni, bwana mkubwa. Sema unataka kaa wa namna gani, nikakuletee. Ila ukishapewa, utuachie maji. Apa mbele ya Mzee Kobe."

"Naapa! Nataka kaa moja! Kubwa! Jekundu! Lenye moto!"

Mzee Kobe akageuza shingo. "Moja, au mmoja?"

"Usinifundishe lugha, nina njaa! Moja! Na wewe Kaa, ukitoroka, nakula vifaranga wote sita."

Ng'ambo ya pili wakulima walikuwa wamechoma shamba asubuhi ile. Kaa akaenda upande upande, kata, kata, kata, mpaka kwenye kisiki kinachofuka. Akachomoa kaa la moto kwa gando, akalifunika kwa jani bichi la mgomba, akarudi upande upande, kata, kata, kata, gando linaungua naye anasonga tu.

"Bwana mkubwa, hili hapa. Moja, kubwa, jekundu, lenye moto. Lipulize kwanza..."

Fisi apulize? Ham!

Chwaaa!

"Uwiii! Uwiii! Umenipa nini?"

"Kaa," akajibu Kaa.

Fisi, kwa mazoea, akakaa. Kisha akaruka tena, moshi unamtoka puani, akakimbilia maji.

"Kiapo, bwana Fisi," akasema Mzee Kobe. "Uliomba moja, umepewa moja. Maji si yako tena."

Fisi akasimama, ulimi nje, machozi yanatiririka. Kaa akamwonea huruma. "Piga mafunda mawili, bwana mkubwa. Maji hayanyimwi mtu. Kisha uende."

Akapiga mafunda mawili, akaenda, chopi, chopi, chopi. Vifaranga wakainamisha vichwa, wakanywa, wakainua vichwa, wakanywa tena. Mama Kanga akakaa kando ya Kaa, akampepea gando lililoungua.

Na funzo lake? Wazazi wenu huwaambia muwe na subira mezani. Wamekosea. Ukiletewa chakula, kimeze upesi, wala usiulize ni nini. Utaungua, ndiyo, lakini majirani watapata maji.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyekuchekesha ondoka nayo. Iliyekuchosha niachie, nikamchoshe mwingine.